Mguu Waliouzika Mapema

Wenzangu wa kliniki ya sukari, nimeambiwa niwape moyo. Nitawapa, lakini maneno yangu si matamu. Utamu ndio tulioambiwa tuuache.

Mimi ni mkulima wa Uluguru. Shamba langu la maharage na kabichi liko juu, kwenye ngazi zilizochimbwa ubavuni mwa mlima. Alinipa mama, naye alipewa na mama yake, maana kwetu ardhi hufuata upande wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Asiye na miguu halimi kule.

Sukari nilikuwa nayo, na dawa nilimeza nilipokumbuka. Nyayo zikafa ganzi. Mjinga mimi, nikaona afadhali, mawe hayaniumi tena. Baridi ilipokuja nikawa naota moto jikoni, mguu karibu na mafiga, tukipiga soga na mdogo wangu Mwajuma. Jioni moja tukasikia harufu ya nyama. Nikamwuliza, "Umebandika nini?" Akatazama chini, akauvuta mguu wangu kutoka kwenye mafiga. Ilikuwa nyama yangu.

Tukapaka asali, tukapaka majani, tukapaka hata dawa ya meno. Kidonda kikachimba, usaha ukatoka wa kijani, kidole kidogo kikawa cheusi. Kwa harufu ile hata mimi mwenyewe chakula kilinishinda. Mwajuma akanishusha hospitali mjini. Kidole kikakatwa, dawa za mshipani zikaingia, wadudu wakakaidi. Daktari akasema, "Mama, ikiendelea hivi tutakata chini ya goti."

Mjomba Kobelo akaja kunitazama. Alikaa mbali na kitanda, pua ameiziba kwa kofia. "Kubali, mpwa wangu. Uhai kwanza." Nililia, nikaamini ananihurumia.

Kabla sijakubali, daktari wa kidonda, dada mmoja mpole, akaniambia wanajaribu tiba ya mwanga, nikiridhia. "Si muujiza, mama. Na sukari isiposhuka, hata hii haitasaidia." Akakwangua nyama iliyooza, akapaka rangi ya bluu, akasubiri iingie, kisha akamulika kwa taa nyekundu. Rangi hushika wadudu, akasema, na mwanga huifanya iwaue. Mwajuma akacheka, "Dada, umeletewa disko wodini." Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu nilazwe.

Nilimulikwa tena na tena, nikachomwa insulini, nikaacha chai ya sukari. Usaha ukapungua. Siku moja alipokwangua, damu ikatoka nyekundu, na daktari akatabasamu. Nyama mpya ikaanza pembeni, ya waridi, ikafunga polepole. Nikaruhusiwa na mguu wangu.

Nikapanda mlima kwa kupumzikapumzika. Shambani nikakuta kabichi nisizozipanda. Mjomba alikuwa amempa mpwa wake mwingine shamba siku ile ile aliyotoka kunitazama hospitali.

"Tulijua mguu unakatwa," akasema nilipompeleka mbele ya wazee wa ukoo. "Shamba halikai bure."

Nikavua kiatu, nikauweka mguu juu ya mkeka. "Huu hapa, mjomba. Kimepungua kidole tu."

Hakuna aliyeugusa. Mzee mmoja akasema tungoje kabichi zivunwe. Zilivunwa. Sasa kuna maharage, na si yangu.

Inaniuma kuliko kidonda, maana hii naisikia.

Hata hivyo nashukuru. Namshukuru Mungu, yule daktari, na Mwajuma aliyenisafisha bila kuziba pua. Nanyi, kila jioni geuzeni nyayo mzitazame; mkiwa hamwoni vizuri, mwombeni mtu. Msiote moto kwa miguu iliyokufa ganzi. Mkiona lengelenge njooni hapa, msingoje harufu. Na mkilazwa, mwacheni nyumbani mtu wa kusema kwamba mngali hai.

Mimi bado napanda. Nafika shambani, nasimama katikati ya maharage yao, na wanaopalilia wanainamisha macho. Mguu hausikii udongo ule. Mimi naujua, ni wa mama yangu, na kesho nitapanda tena.