Mpe Chaki Mwenye Mtihani

Mwanangu Yusta, jana uliponionyesha ile ratiba yako nilikumbuka siku moja ya kiangazi, pale Kasulu, bibi mmoja asiyejua kusoma aliponiambia ukweli nikakasirika mpaka nikaondoka bila kuaga. Kaa nikusimulie, maana Jumatatu unaanza kumfundisha tuisheni yule kijana wa jirani hapa Murungu, na naona umejiandaa vizuri mno. Vizuri mno, narudia. Notsi umechapa, video umejaza kwenye simu, kila saa ina mada yake. Ila huyo kijana mwenyewe atafanya nini saa zote hizo, sikuona palipoandikwa. Ndiyo maana nilicheka, nawe ukaninunia.

Mimi nilikuwa hivyohivyo, tena zaidi yako. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nimerudi nyumbani likizo ndefu, nywele nimesuka mtindo wa Dar, Kiingereza kinanitoka puani. Nikaombwa nimfundishe Kemia msichana mmoja aitwaye Skolastika, Skola, aliyekuwa akiishi na bibi yake. Skola alitaka kuwa muuguzi. Masomo mengine yote yanayotakiwa chuo cha uuguzi alikuwa ameyapata, Kemia tu ndiyo ilikuwa imemkwamisha. Alifanya mtihani wa kidato cha nne akapata F. Akarudia, F tena. Sasa anakwenda mara ya tatu, na alikuwa amesema kwa mdomo wake kwamba safari hii asipopata, vitabu anagawa. Tulikuwa na wiki tisa.

Basi nikaanza, nakwambia, kwa mbwembwe! Kulikuwa na kipande cha mbao tulichokipaka unga wa betri za redio kikawa ubao, tukakiegemeza ukutani uani kwao. Nakwenda kila asubuhi kwa baiskeli, nafika nimejaa vumbi jekundu hadi kope. Nasalimia, nashika chaki, naanza. Nilikuwa napiga maswali ya mitihani iliyopita moja baada ya jingine, nafuta, naandika. Skola amekaa kwenye kigoda, ananakili kwa mwandiko mzuri ajabu. Kila nikimaliza swali namuuliza, "Umeelewa?" Naye anainamisha macho, anasema, "Ego." Ndiyo, kwa Kiha chetu. Roho yangu kwatu. Nikajiona mwalimu hasa.

Bibi yake alikuwa anakaa kando, kwenye mkeka, anachambua maharage. Sikumjali. Nilidhani hata anachosikia hakielewi, na kweli Kemia hakuielewa.

Wiki mbili zikaisha hivyo. Siku hiyo ninayokwambia nimeshashika usukani wa baiskeli niondoke, bibi akaniita. Akasema kwa Kiha, taratibu, bila kuacha maharage yake, "Binti, sauti yako sasa naijua hata ukipita barabarani. Ya mjukuu wangu, tangu uanze kuja, nasikia ego tu. Huo mtihani unakwenda kuufanya wewe?"

Loo! Nilihisi amenimwagia maji ya baridi. Mimi, mtu wa chuo kikuu, nafundisha bure tena juani, halafu naambiwa maneno na mtu asiyejua hata A! Hata kuaga sikuaga. Nilikanyaga pedali mpaka nyumbani huku nabishana naye peke yangu njia nzima. Lakini mwanangu, kubishana huko ndiko kulikoniumbua, kwa sababu nilijaribu kukumbuka jambo hata moja ambalo Skola aliwahi kuniambia yeye mwenyewe, nikakosa. Wiki mbili nzima! Hata swali moja hakuwahi kuniuliza. Usiku ule nilijiona mjinga sana.

Asubuhi nikarudi. Niliona aibu kumsalimia yule bibi, lakini nikamsalimia. Kisha nikachukua swali lilelile la jana, ambalo lilishajibiwa kwenye daftari lake, nikampa Skola chaki, mimi nikakaa kwenye kigoda chake. Gramu nne za sodiamu haidroksaidi ni moli ngapi? Akaandika tarehe. Akaandika Kemia, akapiga mstari kwa rula. Akasimama hapo.

Kukaa kimya, Yusta, hakuna kazi ngumu kama hiyo. Mkono ulikuwa unaniwasha niinuke nimpokonye ile chaki. Nikaukalia. Mwishowe akaandika nne kugawa kwa arobaini, maana moli moja yake ina gramu arobaini, sawasawa kabisa, halafu jibu akaandika kumi. Nikamwambia arudie, polepole. Kumi tena. Nikamuuliza kwa nini, naye akaniambia alivyojua yeye tangu shule ya msingi: namba kubwa ndiyo inayogawanywa kwa ndogo. Siku zote. Basi hesabu zake zote za moli zilikuwa zinatoka kichwa chini miguu juu, miaka yote hiyo, na hakuna aliyejua. Mtoto wa watu hakuwa ameshindwa Kemia. Alishindwa kugawanya.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. Akaanza kulia. Akasema, "Dada, unatoka mbali, unakuja na jua lote hili. Nikikwambia sijaelewa, si nitakuwa nimekwambia hujui kufundisha?" Wewe ni Muha, huhitaji nikueleze. Kwetu mgeni haambiwi chakula alicholeta ni kibaya. Huwa tunalea watoto kumwitikia mkubwa, halafu tunawashangaa wakituitikia.

Nikakata shauri. Wiki saba zilikuwa zimebaki, nikamwambia wiki mbili nzima tunagawanya tu, moli hatuzigusi. Akashtuka. "Tutachelewa!" Nami nilikuwa naogopa kuliko yeye, nisikudanganye, kwa sababu nikikosea hapo ndoto yake nimeizika kwa mikono yangu. Lakini nilishaona kwamba kumpeleka mbele alivyokuwa ni kumpeleka kwenye F ya tatu. Tukaazima kitabu cha darasa la nne. Msichana mzima wa miaka ishirini, anagawanya nne kwa arobaini, tatu kwa sitini, kila siku, chaki mkononi mwake. Watu walipita wakacheka. Tukawaacha wacheke.

Tuliporudi kwenye moli nikaweka sharti. Kabla sijaondoka, Skola amweleze bibi yake kwa Kiha alichojifunza siku hiyo. Siku ya kwanza alijiumauma. Ya pili vilevile. Siku ya tatu bibi akamkatiza, akachota maharage kwa viganja, akauliza, "Sasa hiyo moli yenu ni kama debe?" Skola akafikiri. Kisha akasema, "Hapana, Bibi. Debe la maharage makubwa lina punje chache, la madogo lina nyingi. Moli ni idadi. Punje ni zilezile kwa hesabu, ila uzito ndio unatofautiana." Hapana, Bibi! Yule ambaye kwa wiki mbili nzima alikuwa hana neno ila ego, sasa anamwambia mkubwa wake hapana, na sababu anampa. Nilipanda baiskeli siku hiyo nikiimba.

Matokeo yalitoka mimi nikiwa nimerudi nyumbani tena. Skola alikuja mbio hadi mlangoni, kanga inaburuza. D. Mtu mmoja aliyekuwa pale akasema, "D tu?" Skola hata hakumgeukia. Alinishika mikono yote miwili akaniambia, "Dada, majibu yote ya kwenye lile daftari yalikuwa yako. Hii D ni yangu." Tukalia wote wawili pale mlangoni. Mwaka uleule akaanza uuguzi.

Kwa hiyo nakwambia hivi, mwanangu, na unisikie vizuri. Ukikaa na mwanafunzi mmoja, ni mbele yako tu anapoweza kukosea bila darasa zima kumcheka, na wewe ukimfanyia kila kitu unamnyima nafasi hiyo. Usimuulize kama ameelewa, atakuitikia tu. Mwambie akuonyeshe. Akikwama, meza mate, subiri. Ukiona kosa lake limeanzia darasa la nne, rudi naye darasa la nne, hata kama siku zinakwisha na moyo unakudunda. Na siku ya kwanza mwambie waziwazi kwamba kukwambia hajaelewa si kukukosea adabu. Mwambie kwa Kiha, aamini.

Haya, nenda. Mungu akupe subira ya kunyamaza, na huyo kijana Mungu amfungulie mdomo. Na ile siku atakayokuja kukuonyesha matokeo, hata yawe ya chini kiasi gani, Mungu ajalie yawe ya kwake.