Ubao wa Mababu

Karani wa ofisi yetu ya elimu ya watu wazima, pale Garissa, hakuwahi kumwuliza mwanafunzi anasomea kituo gani. Alimwuliza, "Babu yako nani?" Mwaka wa tisini na tano Nairobi walituletea mchoro: mkoa juu, chini yake wilaya, kisha kituo, mwalimu, na mwanafunzi mkiani kabisa. Aliutazama, akausifu, akautandika chini ya birika la chai. Kisha akakata kadi za manila, akazipachika ubaoni kwa miiba ya mgunga, babu juu na wajukuu chini. "Kituo inahama na ngamia," alinieleza, mswaki ukiwa mdomoni. "Babu hahami."

Kila kadi aliipuliza vumbi mara mbili, hata iliyoandikwa asubuhi ile ile. Mkaguzi alipokuja kuitaka kadi ya mwanafunzi Fartun wa Tarbaj, na kina Fartun walikuwa kumi na mmoja, karani alifumba macho, akahesabu mababu kwenye pingili za vidole, akaichomoa kadi kabla mkaguzi hajapata miwani yake.

Siku moja nikamwuliza kadi yangu, mimi mwalimu wa kutoka Machakos, iko wapi. Akataka nimtajie mababu. Nilimjua mmoja tu. Alinisikitikia kama mtu aliyepoteza kitambulisho. Kesho yake niliikuta kadi yangu ubaoni, chini ya jina la baba yake, kando ya kadi yake mwenyewe, imeshushwa kidogo.

"Wewe ndio mdogo wetu," akasema.

Nilikuwa nimemzidi miaka minne. Nikaitikia, "Ndiyo, kaka."