Tani ya Minji na Tani ya Saruji

Kazi yangu ofisini Nakuru ilikuwa kufunga barabara. Niliifunga nikiwa nimeketi, kikombe cha chai mkononi, kisha kompyuta inaniambia uchumi umeumia kiasi gani. Programu hiyo ya kuigiza barabara tuliiita modeli. Lori la modeli lilikuwa na tabia njema sana: likikuta barabara kuu imekatika, liligeuka palepale likashika njia nyingine. Dereva wake hakuuliza mtu, hakula, hakukojoa. Mzigo ulihesabiwa kwa tani tu, kwa hivyo tani ya minji, yaani njegere mbichi, na tani ya saruji zilikuwa pacha, na hasara yake ilikuwa saa za kuchelewa tu. Wadau walipoonyeshwa hayo hotelini, walipiga makofi wakaendea sambusa.

Nikavimba kichwa. Nyumbani Elburgon, mama aliwatangazia majirani kwamba mtoto wake anajua barabara kuliko madereva wenyewe. Sikumrekebisha.

Halafu mvua ikakata barabara kuu mbele ya Gilgil, njia ya minji yetu kwenda sokoni, safari hii bila ruhusa yangu. Mama akanipigia simu asubuhi. Minji yake ilikuwa imeiva shamba zima, ndiyo aliyoitegemea msimu wote, na minji ikishachumwa haikai.

"Sasa nivune ama ningoje?"

Ningeweza kusema sijui. Nikafungua laptopu.

"Vuna, mama. Lori itapitia ile njia ingine, itachelewa masaa tano hivi."

"Una uhakika?"

"Kompyuta imesema."

Akavuna. Akawaambia na majirani, na kwa kuwa ni mimi niliyesema, nao wakavuna.

Kumbe malori yote ya nchi yalikuwa yamegeukia njia hiyohiyo moja, na hakuna lililosogea. Magunia yalikaa kando ya barabara siku tatu. Minji ikapata joto, ikageuka njano, ikaanza kunuka. Ng'ombe walikula mpaka wakachoka. Huku ofisini nikaisaka hasara ya mama ndani ya modeli, nikakuta mzigo wake umefika salama, umechelewa kidogo. Mkubwa wangu akasema ripoti imekaa vizuri, nisiichafue na mambo ya nyumbani. Nikatii, na hilo linaniuma mpaka leo.

Jumamosi nikapanda Elburgon, nimejiandaa kutukanwa. Nikakuta majirani wamekaa uani wamenuna, na mama amesimama mbele yao. Alikuwa akiwaeleza polepole kwamba mimi nilimkataza kabisa kuvuna, ni yeye aliyekuwa na haraka, na kama kuna wa kulaumiwa basi wamlaumu mzee huyu asiyesikia la watoto. Aliponiona langoni akanikazia macho.

"Waambie wewe mwenyewe. Si ulinikataza?"

Wote wakanigeukia, wakangoja.

Nikasema ndiyo.