Fundi wa Bariadi aliyekalia vitambaa vya binti yake

Saa mbili na nusu asubuhi, kibaraza cha duka la Hashimu katika soko la Bariadi kimeshachangamka. Cherehani nne zinanguruma. Ya tano imenyamaza, na mwenyewe, Felisita Paschal, hajakaa kwenye kiti chake. Amekaa juu ya kiroba.

Ndani ya kiroba hicho hamna unga wala mpunga. Kuna vipande vya vitambaa, vingine havizidi kiganja cha mkono. Felisita ameviatamia kama kuku, na kila mwanamke mwenye ushungi anayekata kona ya duka la nafaka anamfanya anyanyue shingo.

"Anakuja leo," anasema. "Nikimpa nimempa. Nisipompa, mtu asinilaumu."

Anayesubiriwa ni Asumini, ambaye sokoni anajulikana kwa jina la Mama Mtoro, mke wa muuza spea za baiskeli. Kinachosababisha yote haya ni mabaki ya kila nguo ambayo Felisita amemshonea binti yake, Flora, tangu akiwa mchanga: gauni la ubatizo, la komunio ya kwanza, sare za shule, sketi ya kwanza ya kazini.

Flora sasa ni mwalimu Maswa, na Desemba anaagwa kwao kabla ya kuolewa. Kwenye hiyo sendofu anataka blanketi la viraka lililoshonwa kwa vitambaa hivyo. Tatizo ni kwamba anataka lishonwe na Asumini.

"Mimi ni fundi kwa miaka ishirini na minne," anasema Felisita. "Kila nguo aliyovaa huyo mtoto imepita kwenye mashine hii. Leo anatamani mkono wa mwingine. Wewe ungekuwa mimi ungecheka?"

Felisita alizaliwa Sapiwi, kwa wakulima wa pamba. Cherehani yake ya kwanza ilitokana na mauzo ya pamba ya baba yake. Mshono wa gauni la kitenge anatoza shilingi elfu kumi na tano, na msimu wa pamba ukiwa mzuri anakosa hata nafasi ya kunywa chai. Mvua zikianza, watu wakiingia shambani, anaweza kumaliza wiki nzima akibadilisha zipu tu.

Kwa fundi wa namna hiyo, mabaki ni taka. Miaka miwili nyuma, Asumini alipoanza kupita kila Jumamosi akiomba vipande, Felisita alimpa kwa moyo mweupe. Alidhani anajazia mito. Alikuwa akimsogezea mfuko kwa mguu huku macho yakiwa kwenye sindano.

Ikaja sendofu ya binti wa Milembe, jirani yake. Hapa Bariadi zawadi haipelekwi kimyakimya: akina mama huishika kwa mikono, huicheza kutoka mlangoni hadi mbele, na ukumbi mzima husimama. Siku hiyo wakaingia na blanketi. Lilipofunuliwa, vigelegele vilikaribia kung'oa bati.

Felisita naye alishangilia, mpaka alipotazama vizuri. Kijani ile ilikuwa ya sare za kwaya alizokata yeye. Zambarau ile ilikuwa ya gauni la mke wa katekista. Vipande vyake vyote, vimepangwa nyota kwa nyota, vinameremeta, na watu wanamshika mkono Asumini.

"Nilihisi moto hapa," anasema, akigusa chini ya koo. "Chakula kilinishinda. Baadaye nasikia lile blanketi lililipwa laki moja na ishirini. Kitambaa changu, nilichompa bure. Lakini hela haikuniuma kama zile sifa. Mimi nimeshona nusu ya mji huu, nani amewahi kusimama kwa ajili ya mshono wangu?"

Tangu siku hiyo Asumini hakupata hata uzi. Akija, Felisita alikuwa anaumwa kichwa, ana mteja, au mfuko umeshachukuliwa. Kibaraza kizima kilijua. Fundi mwenzake, Salu, ambaye mdomo wake haujui kufungwa, alikuwa akimwimbia ule usemi wa kwenye kanga: wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda.

Hakukonda. Alifanya jambo baya zaidi: aliamua kushindana.

Kaka yake alimletea pamba kutoka shambani. Pamba ya shambani ina mbegu, na blanketi linataka pamba iliyopita kwenye jinari, kiwanda cha kuitoa mbegu. Yeye hakutaka kwenda jinari, maana angeulizwa ya nini, na habari zingemfikia Asumini. Akachambua mbegu kwa vidole. Vidole vikachoka. Haraka ya kumuwahi mwenzake ikamwambia mbegu chache hazina neno.

Alishona viraka kwa mabaki ya wateja, vya Flora akiviweka akiba, akajaza, akalikunja blanketi juu ya kabati kumsubiri Flora aje Pasaka. Panya hawakumsubiri Flora. Mbegu ya pamba ina mafuta, na panya wa Simiyu wanaijua kuliko sisi. Siku ya kulifunua, lilikuwa matundu matupu.

"Mtoto wa mkulima wa pamba," anasema Felisita akitikisa kichwa. "Nilijua kabisa. Wivu ulinifumba macho."

Salu, aliyekuwa akisikiliza, anaongeza bila kuinua uso, akimwita mama kwa Kisukuma: "Mayu aliwashonea panya sendofu."

Flora hakumcheka mama yake. Alisema kwa upole, "Mama, basi mwachie Mama Mtoro," na upole huo ndio uliomchoma zaidi.

Saa nne kasoro, Asumini anafika. "Mwangaluka, mayu," anasalimia kwa Kisukuma alichojifunzia hapahapa, maana yeye kwao ni Ujiji. Felisita anaitikia kwa neno moja. Hamkaribishi kiti.

"Mama Flora, binti amenipigia," anasema Asumini. "Nikamwambia, bila ridhaa ya mama yako sigusi kitu."

"Mbona hukuniambia unashona mablanketi? Mimi nilijua ni mito."

"Hukuniuliza. Ulikuwa unanipa mgongo."

Asumini anachuchumaa na kuvuta kipande cheupe kilichochomoza kwenye mdomo wa kiroba. Anauliza ni cha nini. Cha ubatizo. Anavuta kingine, cha bluu. Sare ya darasa la kwanza. Anavilaza kwenye goti na kuvinyoosha kwa kidole gumba.

"Mimi nina wavulana wanne," anasema. "Sijawahi kumshonea mwanangu gauni. Kila sendofu naingia na blanketi la binti wa mtu, nashangilia, nikirudi nyumbani nalia. Flora alipokuwa akitoka shule anakuja hapa kukutungia uzi, mimi nilikuwa nazungukia njia ya nyuma nisiwaone. Nimekuonea wivu siku nyingi, Mama Flora. Bora nikwambie."

Cherehani zote zimesimama. Hata Salu ameinua uso.

Felisita ananyanyuka, anakung'uta sketi, na kukisukuma kiroba mbele ya mwenzake. Baadaye, Asumini akiwa amekwenda kutafuta bodaboda ya kukibeba, anaeleza kilichompata.

"Watu watasema nilimhurumia. Hapana. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana. Miezi yote hiyo nakosa raha kwa ajili yake, kumbe na yeye anakosa raha kwa ajili yangu."

Hakukitoa bila masharti. Pamba italetwa na yeye mwenyewe kutoka Sapiwi, na safari hii itapita jinari. Kipande cha ubatizo kitakaa katikati, na atakishona yeye kwa mkono. Asumini asikitie sindano.

Asumini alikubali yote, akaomba moja: siku ya sendofu aingie akicheza pamoja na mama wa binti. Si kama fundi. Kama mama.

Felisita aliomba muda wa kufikiri. Alifikiri mpaka bodaboda ikafika, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Ataingia nami," anasema, akirudi kwenye kiti chake na kutunga uzi. "Ila mwandishi, usiende kuandika kwamba wivu umeniisha. Blanketi lina pande mbili. Mama Mtoro atashika upande wa miguu. Wa kichwani ni wa aliyezaa."