Rupia Saba za Mama Nilizozisugua

Sisi tuliokulia Mkonze wakati nyumba zilikuwa za kuhesabu na uwele ulioteshwa hadi mlangoni, tulizijua sarafu kwa wanyama wake. Senti hamsini ilikuwa sungura, senti ishirini ilikuwa mbuni. Ulikwenda kwa muuza karanga na sungura wako, ukarudi kiganja kimejaa. Darasani tuliweka sungura chini ya karatasi ya daftari, tukapaka penseli juu yake mpaka masikio yakatokea, na mwalimu akitukamata tulichapwa kwa kuharibu daftari. Wajukuu zangu hawajui hata sarafu inavyonuka mkononi. Wananunua ubuyu kwa simu, tena simu yangu, na namba ya siri wanaijua kuliko mimi.

Lakini mama alikuwa na sarafu ambazo hazikwenda dukani. Zilikuwa rupia saba za Wajerumani, zimefungwa katika kipande cha kanga ndani ya kopo la maziwa. Babu yake alilipwa wakati reli inajengwa, alipokuwa akibeba mataruma. Zilikuwa za madini ya fedha, nzito kuliko zilivyoonekana, na upande mmoja palikuwa na kichwa cha mfalme wao mwenye masharubu.

"Zisiguswe na mtu mwenye njaa," mama alisema. Na kweli, mwaka ule uwele ulipokauka wote tukala unga wa njano wa msaada, kopo halikufunguliwa.

Lilifunguliwa wiki ya Krismasi tu, na msuguaji nilikuwa mimi. Majivu ya jikoni, ukwaju kidogo, mchanga laini wa korongoni na gunzi la hindi, kama tulivyosugua sufuria. Binti wa kwetu alijulikana kwa kichanja chake cha vyombo. "Wageni wakikuta sufuria nyeusi hawatauliza jina lako," mama alisema, "watauliza mama yako ni nani." Basi nilisugua mpaka vidole vikachubuka, rupia zikawaka juani, mama akazigeuza moja moja na kusema, "Haya, zimepumua."

Mama amefariki mwaka huu, kabla ya mavuno. Tulimzika kando ya baba, huko Chamwino. Udongo wa pale mvua ikiunyeshea unalegea, na kaburi lisilojengewa linatitia. La baba lilititia mara mbili kabla hatujapata saruji, na mama alikwenda mwenyewe na karai kulijaza. Kwa hiyo mawingu yalipoanza kujikusanya, moyo wangu ulikosa utulivu. Nikianika nguo natazama juu. Nikipepeta mtama natazama juu.

Mdogo wangu Yona akasema tuuze rupia tumjengee mama kaburi la vigae. Alikuwa amesikia habari za kijana mmoja wa Kondoa, ana chumba chake hapo mjini, ananunulia wakusanyaji wa sarafu za zamani, na rupia moja nzuri wanailipia sana.

"Mama alisema zisiguswe na mwenye njaa," nilimwambia.

"Dada, mama hana njaa tena."

Tukakubaliana Jumatatu. Jumamosi nilichukua majivu, ukwaju na mchanga, nikakaa uani. Nilizisugua kuliko Krismasi yoyote, maana zilikuwa zinatoka nyumbani kwenda kwa watu.

Yule kijana alinipa shikamoo, akatukaribisha viti, akaweka rupia ya kwanza chini ya kioo chake. Akaigeuza. Akachukua ya pili. Akazimaliza zote saba.

"Hizi zimesuguliwa," alisema.

"Si zimetakata?" nikajibu.

"Mama yangu, ungeniletea na weusi wake ningekupa bei nyingine kabisa. Mkusanyaji analipia ule uzee. Hapa masharubu yamefutika, mikwaruzo kila mahali. Mimi nitanunua fedha tu, kwa gramu. Zitayeyushwa, zitengenezwe pete."

Yona akashusha pumzi. "Ni marehemu mama yetu huyo. Wazee hawakusoma, bwana. Kila Krismasi kusugua tu."

Kijana akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemsamehe mama yangu. Ningeweza kunyamaza, na marehemu asingenibishia.

"Si yeye," nilisema. "Ni mimi. Tangu mtoto. Na juzi Jumamosi nimezisugua tena."

"Jumamosi hii?" Yona aligeuka pamoja na kiti chake. "Dada! Mimi nilikwambia uzitoe kwenye kopo tu!"

"Wewe ungezileta kwa mtu hivyo hivyo, nyeusi?"

Yona akajifunika uso kwa viganja. Nilidhani analia, kumbe mabega yanacheka. "Hapana," alisema. "Hapo umenipata. Nisingeweza."

Zikapimwa kwenye mizani ndogo, zote saba. Tulipata saruji na malipo ya fundi. Vigae hatukupata. Jina la mama fundi aliliandika kwa msumari saruji ikiwa mbichi, na mvua ya kwanza ilikuta imeshakauka. Kaburi halikutitia. Nililizunguka mara tatu kuhakikisha, viatu mkononi.

Hilo la kaburi limepita. Lililobaki ni jingine. Siku hizi nikipanda gari moja na mabinti wanaofanya kazi za ofisini Mtumba, nikaona pete ya fedha, namtazama mtu kidole kuliko adabu inavyoruhusu. Enzi zetu kitu cha mama yako ulijua kilipo, hata kama hukuruhusiwa kukigusa. Sasa sijui. Na hata nikipata ujasiri wa kumwomba binti wa watu anionyeshe pete yake, sina alama yoyote ya kuitambulia.