Shuka Nyeupe na Mgongo Wangu Chini Yake

Kabla ya kuvunjika nilikuwa muuza samaki wakavu katika soko la Kolwezi, na yeyote aliyewahi kununua kwangu atawaambia kwamba sikuwa mwepesi. Samaki wakubwa niliwapanga juu ya kitunga, wadogo katikati, waliokatika vichwa chini kabisa. Sikuwa mwizi. Kila muuzaji alipanga hivyo, na kila mnunuzi mwenye akili aliingiza mkono mpaka chini kabla ya kufungua kinywa. Ninaanza na kitunga kwa sababu ugonjwa wangu wote umo ndani yake.

Naitwa Mama Ntumba. Nilizaliwa hapa hapa Kolwezi. Baba yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, na mume wangu marehemu aliifanya kazi hiyo hiyo mpaka kifua kikamkataa. Nilibaki na mwanangu Kabeya, mke wake, na watoto wao watatu.

Kisha kazi za mgodi zikaanza kusimama moja baada ya nyingine, na sisi wa asili ya Kasai, tuliozaliwa hapa, tukaambiwa ni wageni. Vijana walikuja mtaani wakipiga makopo mbele ya milango mpaka mtu akatoka. Tulitoka na magodoro mawili, sufuria nne na kitunga changu. Ufunguo tuliubeba, nyumba tuliiacha. Tukaenda kungojea treni ya Kasai kwenye stesheni pamoja na watu wengi kuliko niliowahi kuona sokoni siku ya mshahara.

Wiki ya tatu, mvua ikitishia, nilipanda juu ya rundo la mizigo ili nifunge plastiki. Rundo likateleza, nami nikaanguka nalo. Nilisikia mlio kama wa ukuni mkavu. Nilipoangalia, mguu wangu wa kulia ulikuwa umelala ubavu, kidole gumba kinatazama ukutani, kama mguu wa mtu mwingine aliyeusahau pale.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alinigusa mara moja tu, nikapiga kelele.

"Mama, mufupa ya paja imevunjika karibu na kiuno. Kupasua hatuwezi, bitu ya kupasulia hakuna. Tutafunga kamba ku muguu na mufuko ya mchanga, utalala juma munane."

"Halafu nitatembea?"

"Mufupa itajiunga yenyewe. Kinachoua bazee si mufupa, mama, ni kulala. Bakunyanyue kiuno kila saa mbili, bakuegemeze ubavu huu, kisha ule." Akaandika hayo kwenye karatasi.

Hospitali haikuwa na nafasi ya mtu wa juma nane. Ilikuwapo nyumba ya wazee ya parokia, nayo ikakubali kunipokea. Na treni, iliyotukawiza wiki tatu, ikachagua kuja siku ile ile.

Kabeya alikwenda kuikagua nyumba kwanza. Akarudi mbio. "Mama, shuka nyeupe kabisa! Mapazia! Bitanda kumi na mbili, na chakula kila siku, bukari na sombe ya majani ya muhogo."

Nilibebwa juu ya mlango uliong'olewa. Mkuu wa nyumba, tuliyemwita Tata Direkta, alitupokea vizuri. Nikiwa nimelala juu ya mlango ule nilianza kupatana naye, kwa maana kinywa changu hakikuvunjika. Nilidai shuka mbili kwa juma, akatoa. Nilidai sabuni na kitanda cha dirishani, navyo akatoa. Nilidai samaki Ijumaa, akacheka, akatoa nusu. Nilihesabu vitanda, kumi na mbili. Nikahesabu tena, kumi na mbili. Karatasi ya daktari aliikunja, akaitia katika mtoto wa meza. Niliona. Sikudai isomwe, nilikuwa bado nashangilia samaki wa Ijumaa.

Kabeya alipiga magoti. "Mama, nibakie?"

"Batoto habawezi kungojea mufupa yangu. Nenda. Lakini sikia: unaondoka na batoto batatu. Nikifika nitabahesabu, na unajua mi ninahesabu mara mbili."

Akaenda akilia. Tulikuwa tumesikia habari za watoto waliokufa njiani ndani ya mabehewa. Sikulia mbele yake.

Siku za kwanza nilijisifu. Sahani ilikuja kwa wakati. Jumapili, kabla ya wageni, shuka zilibadilishwa kutoka juu tu: wanavuta shuka ya kufunika, wanaweka nyingine. Ile ya chini haikuguswa, kwa sababu kuigusa kulitaka kuninyanyua, na wauguzi waliobaki walikuwa wawili kati ya sita. Wengine nao walikuwa wamepanda treni.

Siku ya nne mgongo wangu, pale chini juu ya matako, ukaanza kuwaka. Siku ya saba ukaacha kuuma, nikamshukuru Mungu. Siku ya tisa nilisikia harufu. Mimi ni mtu wa samaki, harufu hainisumbui, lakini ile sikuitambua. Nilimshuku mama wa kitanda cha pili. Siku mbili nilimnunia, maskini, kumbe aliyeoza ni mimi.

Homa ikaja, meno yakagongana mchana kweupe. Nikamwambia muuguzi. "Ni malaria," akasema, akanipa vidonge. Hakunyanyua shuka.

Aliyeinyanyua ni Mama Monga, msafishaji. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono kama ya mtu anayetwanga kila siku. Nilimjua, na yeye alinijua. Kaka yake alikuwa mmoja wa wale waliopiga makopo mlangoni kwangu. Alikuwa anapiga deki chini ya kitanda changu, akasimama, akanusa, akafunua.

"Yoo! Mama Ntumba, unaoza!"

"Acha mi nioze. Kaka yako alinitoa mu nyumba, sasa we unataka kunitoa mu kitanda?"

"Kaka yangu ni kaka yangu. Mugongo ni mugongo. Geuka."

"Siwezi kugeuka, ningegeuka ningekuwa mu treni!"

Alicheka, nami nikacheka ijapokuwa nilikuwa na homa. Akaniingiza mikono chini ya kiuno, akaninyanyua kama gunia lisilojaa. Aliniambia kidonda kilivyo, bila kupunguza: kipana kama kifuniko cha sufuria ndogo, cheusi katikati, chenye usaha pembeni, na kiganja kizima kingeweza kulala humo.

"Unataka nini kwa kazi hii?" nikamwuliza.

"Sitaki kitu."

"Kitu bila bei kinaniogopesha."

"Basi bei yako ni kufunga kinywa wakati ninakusafisha."

Ilikuwa bei kubwa kwangu. Nililipa kidogo kidogo.

Alimvuta muuguzi kwa mkono mpaka kitandani. Huyu, alipoona, alifanya kazi yake kweli: alikata nyama iliyokufa kwa mkasi uliochemshwa, akaosha kwa maji ya chumvi, na dawa zilipokosekana akajaza asali iliyotoka mji wa Kasaji. Wakati wa kukata sikusikia kitu. Alipofika penye nyama hai nilisikia vyote kwa pamoja.

Ilibaki kufuata zile saa mbili za daktari, ambazo nilimweleza Mama Monga. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa, king'ora cha mgodi hakikulia tena. Kitanda cha saba alilala Tata Sakaji, mzee Mlunda, kipofu, aliyesali rozari mchana kutwa. Mama Monga akamwuliza: "Tata, rozari nzima, mafumbo yote, inachukua muda gani?"

"Karibu saa moja, kama haunikati maneno."

"Basi ukimaliza mbili, piga kitanda na fimbo."

Hivyo ndivyo nilivyogeuzwa. Fimbo ikigonga, Mama Monga anatupa kitambaa cha deki na kuja. Jioni alipokwenda kwake alimwachia mlinzi kazi, baada ya kumfundisha kwa ukali. Nilichora kwa mkaa ukutani, mstari wa kushoto, mstari wa kulia. Mimi ni Mprotestanti. Nimeponywa na rozari, na mpaka leo pastori wangu sijamweleza habari hii yote.

Homa ilishuka kwa siku tano. Katikati ya juma la sita, kamati ya parokia ikaja kuikagua nyumba. Walikuwa watu watatu wenye karatasi, mbele yao mwalimu mzee, Mama Mwalimu. Waliandika: vitanda vipo, shuka safi, chakula kipo. Kisha Mama Mwalimu akatuuliza: "Munatunzwa muzuri?"

Tata Direkta amesimama mlangoni. Vitanda kumi na moja vikajibu, "Ndiyo, mama."

Mimi nilikuwa na mahali pamoja tu duniani pa kulaza mguu wangu, na mahali penyewe palikuwa pake. Akinitoa, ninarudi chini ya plastiki na kidonda wazi, na Kabeya atamngojea mtu asiyekuja. Nilifikiri hivyo. Nikafikiri tena. Nikajikuta namwona Tata Sakaji, ambaye hakuna aliyempigia fimbo yeye ageuzwe.

"Mama Mwalimu," nikasema, "uliwahi kununua samaki kwangu?"

"Mara nyingi."

"Ulikuwa unaangalia wapi?"

"Chini ya kitunga, tangu uliponiuzia bichwa bitupu."

"Basi hapa umeandika samaki ya juu. Nyanyua shuka. Angalia bisigino na migongo."

Tata Direkta akasema haraka, "Mama huyu ni wa treni, ana uchungu wake."

"Na mugongo wake ni wa treni pia?" akauliza Mama Mwalimu, akaweka karatasi chini.

Walikwenda kitanda kwa kitanda. Wakahesabu saba wenye vidonda. "Hesabu tena," nikasema. Mara ya pili wakapata wanane: Tata Sakaji alikuwa amejifunika kwa aibu, ameoza kisigino mpaka mfupa ukaonekana, na alikuwa akinihesabia mimi.

Tata Direkta akakaa juu ya kitanda, akashika kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wauguzi wawili, na alitengeneza kile ambacho wageni hukiona. Akaenda kuitoa karatasi ya daktari katika mtoto wa meza. Tangu siku hiyo ikapigiliwa misumari ukutani, ndugu wa wagonjwa wakaitwa wasaidie, na yeye mwenyewe akageuza watu kwa mikono yake. Aligeuza vibaya, tulimcheka, akajifunza. Hakunitoa.

Kidonda kilipungua kutoka kifuniko kikawa kikombe, kutoka kikombe kikawa kifungo. Kamba ilipofunguliwa mguu wangu ulikuwa mfupi kwa vidole viwili. Nilisimama, nikaanguka mikononi mwa Mama Monga, nikasimama tena. Mwezi wa nne tangu nianguke nilipanda treni na fimbo, fimbo ile ile ya Tata Sakaji. Kisigino chake kilikuwa kimefunga. "Nitagonga na kijiko," akasema.

Mama Monga alinisindikiza stesheni. Nikampa kitunga changu. Akakipindua, akaangalia chini.

"Hakuna kitu," akasema.

"Safari hii hakuna nilichoficha."

Wewe unayemtafutia mzazi mahali, au unayelala sasa hivi ukiambiwa yote ni sawa: usisalimie mapazia. Uliza nani anageuza, saa ngapi, na mwisho alifanya lini. Nyanyua shuka, shika kisigino. Aliye na kazi safi hatakasirika. Na wewe mgonjwa, kidonda kilichoacha kuuma usikishukuru, mwite mtu. Mimi nilichelewa, na bado nimepona.

Kabeya alinikuta kwenye stesheni ya Mwene-Ditu, huko Kasai. Alitaka kuuona mgongo, nikamwonyesha kovu, akalia kwamba yeye ndiye aliyesifu zile shuka.

"Tulizisifu wawili," nikamwambia. "Simama pembeni, unanizuilia."

Nyuma yake walikuwa wamejipanga, wamekonda, miguu imejaa vumbi. Nikahesabu: watatu. Nikahesabu tena, polepole, nikimgusa kila mmoja kichwani. Watatu.

Aksanti, Mungu. Hesabu imekubali.