Wakala wa Ndege Hakuomba Radhi

"Radhi yangu nilimpa mwenda Makka," jirani yetu alimwambia mama yangu kisimani, wanawake wote wamesimama na ndoo zao. "Weye umeishia uwanja wa ndege. Basi nirejeshee radhi yangu."

Mama aliinamisha ndoo, akayamwaga maji aliyokwisha kuyateka, akarudi nyumbani. Hakwenda tena kisimani mpaka alipokufa. Waliomfikisha pale ni wawili: Waingereza wenye ndege, na wakala wao wa Mkoani. Wale sikupata kuwaona. Huyu yu hai hadi leo.

Zama zile za Mwingereza, miaka michache kabla ya Mapinduzi, mtu wa Pemba akitaka kuhiji alipanda meli, akatapika siku na siku. Mwaka huo wakala, aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na bandari, akaanza kueneza habari ya kampuni mpya ya ndege huko Uingereza. Si ndege za kila siku, alisema, hizi zinakodiwa. Watu wakitimia ndipo zinaruka. Ndogo itakuja kuwachukua Pemba mpaka Mombasa, na huko ndege kubwa inangoja kwenda Jidda. Yeye mwenyewe ataongoza msafara. Alibandika picha dukani, ndege nyeupe yenye mstari wa buluu ubavuni. Mama akienda kununua uzi alikuwa akisimama kuitazama, hata wakala akamtania, "Bi mkubwa, usiimalize kwa macho, waachie na wenzio!"

Mjomba wangu, kaka yake mama, akaja kutoka Kisiwa Panza awe maharimu wake, mwanamume wa kumsindikiza. Mie nilikuwa na umri kama miaka ishirini, nimeachika, nimerudi kwa mama. Nilisoma chuo cha Kurani na madarasa matatu ya skuli, basi msinitafutie maneno mazuri humu.

Kwetu mtu haendi kuhiji na kinyongo cha watu. Anazunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na kama ana kosa analijua, analitaja. Mama alizunguka siku tatu, mie nyuma yake. Siku ya tatu, kesho yake ndiyo safari, tulipita mbele ya duka la wakala. Mama akatoa salamu. Wakala akaitikia akicheka, "Ndo safari hiyo, hajati!"

Jirani tulimwacha wa mwisho. Alikuwa akichambua karafuu.

"Jirani," mama alisema, "yale maneno yaliyomfikia mumeo hata akakuacha, yalitoka kinywani mwangu. Nilisema nimekuona na mtu. Sikukuona na mtu."

Mie nilikuwa sijui. Nilitamani ardhi inimeze.

Jirani akaacha kuchambua. "Miaka kumi na moja namshuku wifi yangu," alisema. "Miaka kumi na moja sijala kwake." Akalia mpaka mtandio ukarowa. Lakini nani atamzuia mtu anayekwenda kwa Mola wake? Alijifuta, akasema, "Nenda, bibi. Nimekusamehe dunia na akhera. Niombee huko."

Asubuhi tulipanda lori mpaka uwanja wa ndege, tukakaa majanini. Mahujaji wamevaa nyeupe, wameadhiniwa kuagwa, wameliliwa. Saa nne ikatua ndege. Mama akasimama, akasema bismillahi. Wakateremsha magunia ya barua na bwana mkubwa mmoja wa serikali, ikaruka tena. Mama akakaa chini polepole, kama mtu anayeogopa kuonekana anakaa.

"Inakuja," wakala alisema. "Upepo umeikawiza."

Hapakuwa na upepo. Mjomba akamtazama mikono. "Mbona weye huna hata kifurushi?"

"Sanduku langu litakuja na gari la pili."

Gari la pili lipi? Sote tulikuja na moja. Hapo ndipo nilipong'amua jambo, na tangu siku hiyo halijanitoka. Huyu mtu ana ugomvi na nusu ya Mkoani, na hakugonga mlango hata mmoja. Kwetu hakuja, kwa mjomba hakuja. Nilimnong'oneza mama: "Huyu hakuomba radhi kwa mtu. Huyu hasafiri."

"Usimdhanie mtu mabaya," mama alisema. "Leo si siku ya hayo."

Magharibi tulirudi na visheti vyetu vya njiani ndani ya kopo, havikuguswa. Wakala alisema tungoje wiki. Wiki ikapita, kisha hija yenyewe ikapita. Watu wakampa mama jina, Hajati wa Majanini. Na jirani akasema aliyoyasema kisimani. Simlaumu sana. Alimsamehe mtu anayeondoka, na mtu huyo akawa anamwona kila siku juu ya ua.

Mama alikufa baada ya masika yaliyofuata. Jirani alikuja matangani, akakaa karibu na mlango, akaondoka kabla sijamuuliza kitu.

Miaka mingi baadaye, Unguja, nilikutana na fundi mzee aliyekuwa akifanya kazi uwanja wa ndege. Kampuni ile aliijua. Ilikuwa ya Waingereza wachache waliorusha ndege vitani, alisema, na haikuishi sana. Kwao kukiwa na joto iliwapeleka watu wao kustarehe. Kukiwa na baridi ilibeba chochote, askari, mabaharia, hata farasi. Kisha wakatukumbuka sisi mahujaji. Ndege yao ikaharibika ugenini, serikali yao ikawakataza kuruka, wakafunga mlango.

"Habari zilifika huku siku nne kabla ya hiyo safari yenu," alisema. "Mawakala wote walipelekewa simu ya upepo, ile ya kuandikwa karatasini."

"Wote?"

"Wote, bibi."

Huenda fundi naye kasahau. Mie siku hizi simwamini mtu; hata mjomba nilimshuku kuwa alijua, na hilo nilimwomba radhi kabla hajafa. Lakini siku nne najua kuzihesabu. Mama alizunguka siku tatu.

Juzi wakala amemtuma binti yake kwangu. Mzee amepata nafasi ya kuhiji, anaruka wiki ijayo. "Baba anaomba radhi," binti alisema, "kwa yote."

Kwa yote! Nilimpa maji akanywa, maana yeye hana kosa. Nikamwambia: radhi haitumwi kama barua, na kosa linatajwa. Mama yangu alilitaja lake, mbele ya aliyemkosea, mie nikisikia.

Basi na aje mwenyewe. Asimame mlangoni pangu, anijibu: siku ile mama alipopita mbele ya duka lako akienda kujivua nguo kwa jirani, nawe ukamwitikia salamu, simu ile ulikuwa nayo mfukoni, au hukuwa nayo?